Siku ya tano bila choo

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na swali moja la asubuhi kwa kila mjukuu aliyelala nyumbani kwake Wete. Kabla ya chai, kabla hajakutuma dukani kununua boflo, atakutazama usoni na kukuuliza, "Ushakwenda choo?" Ukisema bado, siku ya kwanza hasemi kitu. Siku ya pili anakukatia papai. Siku ya tatu anakuchemshia sanamaki, na hapo huna la kubishana naye. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Tangu hapo hakuna mtu aliyeniuliza tena swali hilo, mpaka nilipofika miaka 38, nimekaa mbele ya daktari mjini Maskati. Nilipolisikia, nikalia.

Nilikuwa na siku tano sijapata choo. Hali hiyo ilinianza nilipokuwa nasomea ualimu, ikaenda nami miaka 19: siku nne, siku tano, mara nyengine wiki nzima, kisha vijidonge vikavu kama vya mbuzi, vinavyotoka kwa jasho. Asubuhi nafunga kanga kama kawaida. Ikifika alasiri tumbo limejaa upepo na nguo ile ile inanibana. Mawifi walikuwa wakinitazama kiunoni na kunipa hongera kwa sauti ya chini. Mtu aliyeharibikiwa na mimba mbili akipewa hongera ya aina hiyo, humkata. Sikumsahihisha hata mmoja wao, kwa sababu ingenibidi niseme ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa wa chooni.

Kisha kuna udhu. Wenye tumbo kama langu watanielewa kabla sijamaliza. Unatia udhu, unafunga sala, na katikati ya Fatiha unahisi upepo unashuka. Ukiuzuia, sala yote akili iko tumboni, na katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba mtu asisali huku anapigana na haja zake. Ukiuachia, udhu umetanguka, unarudi bombani. Mwenye wasiwasi tu ana wepesi wake: Mtume (s.a.w.) amesema mtu asiondoke katika sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Yangu haikuwa wasiwasi. Kwa miaka mingi niliacha kwenda kusali Tarawehe msikitini, nikawa nawaambia wenzangu kuwa nina kazi za nyumbani.

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja, popote nilipokwenda: kula mboga, kunywa maji. Katika kituo kimoja cha afya niliambiwa hivyo na mtu ambaye hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Nilikuwa nakula mboga mchana na usiku. Mchicha, matembele, kisamvu, mtoriro. Nikaongeza maharage na choroko, nikaacha mkate mweupe, nikanunua pumba za ngano na kuzichanganya kwenye uji. Kadiri nilivyoongeza, ndivyo nilivyovimba. Choo hakikuja, na juu ya maumivu nikabeba na hatia: nilijiona mtu asiyejua kula, mwalimu wa sayansi aliyeshindwa na tumbo lake mwenyewe. Nataka niseme wazi, kwa kila mwanamke wa Pemba anayesoma hapa huku amefunga mlango: kufunga choo si kosa la mtu asiyekula mboga. Kwa wengine mboga ndiyo dawa. Kwa wengine haitoshi hata kidogo, na kwa wengine, kama mimi, ikizidishwa bila mpango inazidisha uvimbe. Mtu anayetoa ushauri bila kuuliza maswali matatu zaidi hajatoa ushauri wowote.

Hayo ya nyuzinyuzi za chakula, yaani zile sehemu za mboga na nafaka ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, kwa taarifa yenu, yana asili ya huku kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ayalandi, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi na akashangazwa na kitu kimoja: maradhi ya utumbo aliyoyazoea Ulaya hayakuonekana sana vijijini. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet. Wanakijiji wa Uganda walikuwa wakitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa kama siku moja na nusu. Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100, na chakula chao kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt alisema siri ni nyuzi. Nami nikifikiria chakula cha bibi, mkate wake wa mofa wa mtama, muhogo, viazi vikuu, mbaazi za nazi, shelisheli za kuchoma, nikakilinganisha na sahani zetu za leo za wali mweupe, chapati za unga mweupe na chipsi, nakubali kuwa alikuwa na hoja kubwa. Ila Burkitt alikuwa anapima jamii. Hakusema kwamba kila mtu mmoja mmoja aliyefungika choo atafunguka kwa kula majani.

Safari ya Maskati ilikuwa ya kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Ameolewa huko. Ni yeye aliyeniona sili chakula cha usiku siku tatu mfululizo, akanikamata mkono na kunipeleka kwa daktari anayemwamini, mwanamke wa makamo, Muomani ambaye mama yake amezaliwa Malindi ya Unguja. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, kizuri kuliko changu. Ndiye aliyeniuliza: "Mdogo wangu, mara ya mwisho umekwenda choo lini?" Akangoja mpaka nilipomaliza kulia.

Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Choo kinafananaje? Alinionyesha picha saba, kutoka vijidonge vikavu hadi maji matupu. Picha hizo zilitengenezwa na madaktari wa mji wa Bristol, Uingereza, na zinatumika duniani kote. Nikaonyesha ya kwanza. Ninahisi kimebaki kingine baada ya kutoka? Ninalazimika kusukuma kwa mkono? Natumia dawa gani? Hapo nikamtajia vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, ambavyo nilikuwa nameza tangu mimba ya mwisho. Akaniambia kuwa vidonge hivyo peke yake vinaweza kumfunga mtu choo, na kwamba baadhi ya dawa za presha na za maumivu makali zinafanya hivyo hivyo. Akapima tezi ya shingoni, sukari na kalsiamu. Kisha, mbele ya muuguzi, akavaa glavu, akaniingiza kidole na kuniambia nisukume kama niko msalani. Kuna watu ambao misuli ya mlango, badala ya kulegea wakati wa kusukuma, inakaza. Hao hata wakinywa ndoo ya dawa hawaponi; tiba yao ni kufundishwa upya kuiachia misuli hiyo, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Mimi misuli yangu ilikuwa inafunguka sawasawa. Aibu ya dakika mbili ile ilinipa jibu ambalo miaka 19 haikunipa.

Kipimo kilichofuata kilikuwa cha pumzi. Siku moja kabla nilikula wali mweupe na samaki wa kuchoma tu, nikalala bila kula, asubuhi nikapuliza kwenye mfuko. Halafu nikanyweshwa laktulosi, sukari ya maji ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuisaga lakini vijidudu vya tumboni wanaila, na kila baada ya dakika 20 nikapuliza tena, kwa muda wa saa tatu. Mashine ilikuwa inatafuta gesi mbili, hidrojeni na methani. Vijidudu wanazitengeneza utumboni, sehemu yake inaingia kwenye damu, damu inazifikisha mapafuni, na mapafu yanazitoa nje. Kwa methani, kiwango cha sehemu 10 katika milioni kinatosha kuhesabiwa kuwa kimezidi. Pumzi yangu ya kwanza kabisa, kabla sijanywa kitu, ilikuwa na 34.

Nimefundisha kemia skuli ya sekondari kwa miaka 14. Kila mwaka naandika ubaoni kaboni moja na hidrojeni nne, nachora, nawaeleza wanafunzi kuwa gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ambayo tangu 2004 inaendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam, ni methani kwa sehemu kubwa kabisa, na kwamba umeme unatufikia visiwani kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Nawasimulia jinsi Alessandro Volta mwaka 1776 alivyokoroga matope kwenye Ziwa Maggiore, Italia, akakinga mapovu na kuyawasha moto. Sikuwahi kufikiri kuwa kiwanda kile kile kiko ndani yangu. Niliporudi nyumbani kwa dada nilikaa na karatasi ya majibu mpaka alfajiri.

Wanaoitengeneza si bakteria, ingawa wengi wetu tunawaweka kapu moja. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walisoma chembe za urithi za vijidudu vinavyotengeneza methani na kuona kuwa havina undugu wa karibu na bakteria. Ni ukoo mwengine kabisa wa viumbe, ambao leo unaitwa arkea. Mkuu wao ndani ya tumbo la binadamu ni Methanobrevibacter smithii. Huyu hali mboga yako wala wali wako. Bakteria ndio wanaokula nyuzi na wanga ambao utumbo mwembamba umeushindwa, nao wanaachia hidrojeni na hewa ya ukaa. Arkea huchukua molekuli nne za hidrojeni na moja ya hewa ya ukaa, akatoa moja ya methani na mbili za maji. Tazama hesabu hiyo: gesi tano zimekuwa gesi moja. Kwa upande mmoja anatufaa, kwani bila ya kuondolewa hidrojeni ile bakteria wangezidiwa na uchafu wao wenyewe. Ndio maana anaishi katika watu wengi wazima wasio na tatizo lolote; katika vipimo vya nchi za Magharibi karibu thuluthi moja ya watu hutoa methani kwenye pumzi.

Mtu wa Pemba anaweza kuliona shindano hili kwa macho na pua. Nenda kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, ukanyage tope: harufu ya yai viza inakupanda. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, yaani chumvi zenye salfa, kwa hiyo bakteria wanaotumia salfeti wanashinda kugombania hidrojeni, na wanatoa gesi ya salfa inayonuka. Ukienda kwenye bonde la mpunga lenye maji matamu, ambako salfeti ni chache, ukachomeka kijiti kwenye tope, yanapanda mapovu yasiyonuka hivyo. Hapo wenye methani ndio walioshinda. Matumbo yetu nayo yamegawanyika namna hiyo. Methani haina harufu. Kinachonuka mtu anapotoa upepo ni gesi za salfa. Nilipowaeleza wanafunzi wangu hili mwaka jana, bila kutaja tumbo la nani, walinyamaza darasa zima, na darasa la kidato cha nne halinyamazi kwa urahisi.

Lakini methani ina nini na kufunga choo? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni gesi tu, inapita na kwenda zake. Mwaka 2006 kundi la Mark Pimentel, katika hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, lilitia methani kwenye utumbo mwembamba wa mbwa na kupima mwendo wa vitu vinavyopita. Mwendo ulipungua kwa wastani wa asilimia 59. Kwa vipande vya utumbo wa wanyama wadogo waliona kuwa misuli haikulala. Ilikuwa inajikaza kwa nguvu zaidi, ila kujikaza bila kusukuma mbele. Nilipolisoma hilo niliyatambua maumivu yangu mwenyewe, yale ya kubanwa bila ya kwenda popote. Vipimo vya watu vimeonyesha mara nyingi kuwa wenye methani nyingi kwenye pumzi ndio wanaopata choo kwa shida zaidi. Bado wataalamu wanajadiliana nani aliyemtangulia mwenzake, kwa sababu utumbo uliopunguza mwendo nao unawapa arkea nafasi ya kukaa na kuzaana. Daktari wangu aliniambia hivyo hivyo, bila kunifichia. Alisema, "Pengine ni kuku, pengine ni yai. Sisi tutawapunguza wote wawili."

Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipendekeza hali hii ipewe jina lake peke yake, litofautiane na kuzidi kwa bakteria katika utumbo mwembamba, kwa kuwa wahusika si bakteria na wanaweza kuwa popote utumboni. Jina ni jina. Kwangu mimi faida yake ni moja, kwamba mgonjwa hataambiwa tena kuwa ugonjwa wake ni uvivu.

Nilipewa antibiotiki mbili kwa siku 14, rifaksimini na neomisini. Ya kwanza karibu yote hubaki utumboni, haiingii sana kwenye damu. Ya pili ina hatari zake, inaweza kuharibu masikio na figo, kwa hiyo alinipima figo kwanza na kuniuliza kama nasikia mlio masikioni. Jaribio la mwaka 2014 lililolinganisha neomisini peke yake na dawa zote mbili pamoja lilikuwa na watu 31 tu. Waliopewa zote mbili walipata nafuu zaidi ya choo, ya kusukuma na ya kuvimba. Watu 31 ni wachache, nalitaja hilo makusudi. Hii ni njia yenye dalili nzuri, haijawa hukumu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu najua tabia yetu. Msiende duka la dawa kununua antibiotiki mbili tatu za kujaribu. Amoksilini na ndugu zake wanaua bakteria kwa kuvunja ukuta wao, na arkea hana ukuta wa aina hiyo. Wake umejengwa kwa kitu chengine. Utaua wanaokufaa, utabaki na yule yule uliyemkusudia, na utakuwa umewafundisha wadudu wengine kuizoea dawa ambayo kesho mtoto wako ataihitaji kwa nimonia. Mimi nilipewa baada ya kipimo, na daktari aliyenijua.

Siku ya tisa nilikwenda choo. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nilikaa pale pale msalani nikasoma Alhamdu.

Wiki ya tatu tumbo lilikuwa laini kama la mtu mwengine. Kipimo cha pili kikasoma 6. Nilirudi Pemba na kudhani yamekwisha. Baada ya miezi minane yakaanza kurudi, si kwa ukali ule, lakini yakaanza, na nilivunjika moyo kweli kweli. Daktari akaniambia kwa simu kuwa ni kawaida kwa wengi, na kuwa hatutakimbilia zile dawa mbili kila mara. Akanianzisha makrogoli, unga usio na ladha unaokorogwa kwenye maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasikauke utumboni, na uzuri wake kwa mtu wa methani ni kuwa vijidudu hawauli. Laktulosi, ambayo madukani kwetu inapatikana kirahisi zaidi na inawasaidia wengi, wanaila na kuigeuza gesi. Kwangu ilikuwa ni kumwaga mafuta ya taa kwenye jiko.

Nilimwuliza na kuhusu sanamaki ya bibi, nikidhani atanikemea. Akatabasamu. Sanamaki, alisema, ikimezwa haina nguvu yoyote. Inapita mpaka utumbo mpana, na huko ni bakteria wanaoikatakata na kuitoa dawa iliyofungwa ndani yake, kisha ndiyo utumbo unapoamka. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuona darubini, alikuwa akiwatuma kazi viumbe asiowajua, kila siku ya tatu, kwa kipimo cha majani alichokishika kwa vidole. Kipimo hicho ndicho chenye tatizo: majani ya pakiti hii si sawa na ya pakiti ile, yakizidi yanasokota tumbo, na akiyanywa mtu kila siku kwa wingi anaweza kupoteza potasiamu mwilini. Ninayo nyumbani, kwa siku ya nne au safari. Mafuta ya mbarika sitaki hata kuyaona.

Mambo mengine ni madogo na yamenisaidia kuliko nilivyotegemea. Tulipojenga nyumba tuliweka choo cha kukaa, kwa kuwa ndicho kilichoonekana cha kisasa. Nyumbani kwa bibi tulikuwa tunachuchumaa. Ndani ya nyonga kuna msuli unaoupinda utumbo wa mwisho kama mtu anavyokunja mpira wa maji, na unalegea vizuri zaidi magoti yakiwa juu. Sasa nina kigoda msalani, naweka miguu juu yake. Maharage sikuyaacha, nayaloweka usiku kucha, namwaga maji, nala kidogo kidogo badala ya bakuli zima. Papai kila asubuhi. Na asubuhi yenyewe ina maana yake, kwani utumbo mpana huamka mtu anapoamka na anapotia kitu tumboni. Robo saa baada ya chai ndiyo saa yake.

Robo saa hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi kuitafuta. Mwalimu anatoka nyumbani kabla ya saa moja. Skuli niliyowahi kufundisha huko nyuma ilikuwa na vyoo vya wasichana visivyo na maji wala komeo, milango imekatika chini, na wavulana wanapita. Wasichana walikuwa wanakuja saa moja na kurudi saa nane bila kwenda hata mara moja. Walikuwa hawanywi maji makusudi ili wasibanwe. Mtoto akiizuia haja, utumbo unaendelea kunyonya maji, choo kinakuwa kigumu, kikija kinamuumiza, na kwa kuwa kinamuumiza anakizuia tena. Akifanya hivyo miaka sita, mwili unasahau hata kuitika. Nadhani mimi mwenyewe ndivyo nilivyoanza, kabla ya arkea yeyote: bweni la wasichana 60, vyoo vitatu, foleni, na mtu anayegonga mlango. Ningekuwa na uwezo, ningehesabu komeo la mlango wa choo kuwa kifaa cha tiba. Skuli niliyopo sasa tumechangishana walimu wanawake, tumeweka makomeo manne na pipa la maji. Wasichana wameanza kuja na chupa zao za maji ya kunywa.

Kabla sijasahau: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, kupungukiwa damu, au choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50, na kwa yeyote ambaye nyumbani kwao kumetokea saratani ya utumbo, hayo hayahusiani na makala yangu. Huyo aende hospitali wiki hii, asisubiri papai wala sanamaki.

Ramadhani ilikuwa mtihani wangu. Mchana mrefu bila maji, kisha futari ya muhogo na ndizi za nazi, tambi, mbaazi, vyote mara moja. Safari hii nilifuturu kwa tende tatu na maji, nikasali, nikala kidogo, nikanywa makrogoli yangu baada ya Isha na maji tena kabla ya daku. Nikaenda msikitini. Usiku wa kwanza nilisali Tarawehe rakaa zote ishirini kwa udhu ule ule wa Isha. Usiku wa pili pia, na wa tatu. Usiku wa nne nilitoka baada ya rakaa ya kumi na mbili, nikatia udhu upya, nikarudi. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa upande wangu wa kulia alikuwa ametandaza mtandio wake mahali pangu, asikae mtu.